MREJESHO: Mwanangu wa miaka 16 na mbegu za uzazi kabla ya dawa za saratani

Ndugu zangu, asanteni mno. Niliuliza kama mwanangu ahifadhi mbegu kabla ya dawa za saratani ya mitoki, maana zinaweza kumwacha tasa. Nilifuata ushauri wa kumwacha aongee na daktari peke yake. Mimi nikabaki kwenye benchi na kanga yangu mkononi. Alipotoka akasema, "Mama, nataka."

Tukatoka Ujiji hadi Dar. Tulipata sampuli moja tu. Ya pili ilishindikana kwa homa, na matibabu hayakuweza kungoja. Imegandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mliosisitiza twende kabla ya dripu ya kwanza, Mungu awabariki. Ada ya kuihifadhi bado inatuelemea. Baba yake mdogo ameahidi kuchangia.