Tupeane uzoefu: Fao la kukosa ajira, ulilipata au ulilikosa?

Mpishi, Sakina (Arusha)
Habari za jioni ndugu zangu. Mwaka 2020 wageni walipokatika, hoteli niliyokuwa napikia ilituita ofisini mmoja mmoja. Kila mtu akawekewa karatasi inayosema ameacha kazi kwa hiari yake. "Mambo yakikaa sawa tutawaita." Nikasaini. Nina michango ya miaka minne, naamini niko salama.

Nilipofika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunakochangia, dada wa dirishani alisoma ile barua akanirudishia taratibu. Aliyejiuzulu hana fao la kukosa ajira. Kama barua ingesema nimepunguzwa, ningelipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Nilikuwa napokea laki sita, kwa hiyo ni karibu laki mbili kila mwezi, na nyumbani tulikuwa tunapima sukari kwa kijiko. Bado inaniuma. Wengine ilikuwaje?

Mama wa watoto wawili, Usa River
Pole sana kaka yangu. Mimi nilikuwa shamba la maua, nao walileta karatasi kama hiyo. Nilikataa kusaini, nikaomba barua ya kupunguzwa kazi. Sikuwa nimefikisha miezi 18 ya kuchangia, kwa hiyo sikupata ile ya kila mwezi, nililipwa nusu ya michango yangu kwa mkupuo. Nikafungua genge.

Mwalimu, Majengo (Moshi)
Yangu ni tofauti. Shule binafsi, nimeachishwa kwa barua safi kabisa. Nafika dirishani, michango inaonekana ya miezi 11 tu! Mshahara wangu ulikatwa miaka mitatu na hati zote ninazo. Mwajiri alikuwa anakata, hapeleki. Nilipeleka hati zile, wakamfuatilia, ikachukua miezi mingi ya nauli na kusubiri. Nawasihi, ombeni taarifa ya michango mkiwa bado kazini. Na kuachishwa kwenyewe kama si kwa haki, peleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mimi nilizimaliza nikifuatilia michango.

Dereva mstaafu, Ngaramtoni
Nilipunguzwa nikiwa na miaka 56. Fao hili ni la walio chini ya 55, mimi nikaelekezwa kwenye pensheni.

Mpishi, Sakina
Asanteni. Mama wa Usa River, ulipokataa kusaini hawakukutisha? Mdogo wangu ameitwa ofisini kesho asubuhi.

Mama wa watoto wawili, Usa River
Walinitisha, walisema sitapewa hata mshahara wa mwezi ule. Nikajibu kwa adabu: "Bosi, mimi sijaacha kazi, ninyi ndio mnanipunguza, naomba iandikwe hivyo na tarehe." Nikakaa pale kwenye benchi hadi saa tisa, wakaiandika. Mwambie aende na mtu, na asisaini chochote ambacho hajakisoma hadi mwisho.