Kisumu hadi Mombasa kwa dakika 50? Tovuti za tiketi zinatupotosha

Wanajukwaa, naomba mnieleze ni nani aliyeziruhusu tovuti za kuuza tiketi kuandika, kando kabisa ya bei, kwamba safari ya ndege kutoka Kisumu hadi Mombasa ni ya kilomita 700 na huchukua dakika 50. Tiketi niliyouziwa baada ya kulipa ilikuwa na habari tofauti: nishuke Nairobi, ningoje kwa saa kadhaa, kisha niabiri ndege nyingine.

Umbali wenyewe sina ugomvi nao. Kwa mstari ulionyooka, Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 280, na Nairobi hadi Mombasa ni takriban 420, na kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na mstari wa kutoka Kisumu kwenda Mombasa, kupitia huko hakuongezi hata kilomita 10. Udanganyifu uko kwenye saa. Mtu amechukua kilomita 700, akazigawa kwa kilomita 850 kwa saa, ambao ni mwendo wa ndege ya jeti iliyokwisha kupaa na kutulia angani, akapata dakika 50 na kuzitangaza bila haya. Hakuhesabu muda wa ndege kutembea hadi kwenye njia ya kurukia, wala wa kupanda, wala wa kushuka, wala wa kuzunguka angani ikisubiri zamu ya kutua. Isitoshe, baadhi ya ndege zinazohudumia Kisumu ni za propela, ambazo haziufikii mwendo huo kamwe. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunayajua pia mawingu ya radi yanayojikusanya alasiri upande wa Nandi na Kericho, ambayo rubani hana budi kuyakwepa.

Ratiba za mashirika ya ndege yenyewe hutenga takriban dakika 50 kwa Kisumu hadi Nairobi peke yake, na karibu saa nzima kwa Nairobi hadi Mombasa. Kwa hiyo, hizo dakika 50 zinanifikisha nusu ya safari, tena ile nusu fupi!

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tovuti hizo huandika "Nairobi" tu, kana kwamba jiji lile lina uwanja mmoja. Zipo ndege za Kisumu zinazotua Wilson, na abiria anayeunganisha safari kwa ndege inayoondoka Jomo Kenyatta hulazimika kuchukua mizigo yake, kutafuta teksi, kupambana na msongamano wa magari na kukaguliwa upya. Mwenzetu anayetoka Kakamega au Busia alikwisha kuamka alfajiri ili auwahi uwanja wa Kisumu. Huyo naye aambiwe dakika 50?

Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu kwamba muda huo ni makadirio. Makadirio ya nini, ikiwa hakuna ndege katika tiketi yangu inayoruka hivyo? Ninadai waonyeshe muda wote tangu kuondoka hadi kufika, pamoja na kungoja, na wautaje uwanja wa Nairobi kwa jina kabla ya mtu kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya kupotosha, nami ninaandaa malalamiko ya kupeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mwenye picha ya ukurasa unaoonyesha muda wa aina hii, pamoja na tiketi aliyouziwa, aziweke hapa ili nizijumuishe.