Gitaa, kinanda au ukulele: kipi kinamfaa anayejifunza mwenyewe bila mwalimu?

Mgeni wa Noti:
Habari zenu wakuu. Nimeamua nijifunze chombo kimoja cha muziki, mwalimu sina na ratiba yangu hairuhusu darasa, muda wangu ni usiku nikishatoka kazini basi. Sitaki kuwa bingwa, nataka niimbe huku najipigia mwenyewe. Kichwani nimebaki na vitatu: gitaa la kawaida lisilo la umeme, kibodi yaani kinanda cha umeme, na ukulele, kile kigitaa kidogo. Noti za kwenye mistari sisomi ila solfa naijua, do re mi naziimba bila shida. Wenye uzoefu nisaidieni, na naomba msije na "vyote vizuri mkuu, inategemea na wewe" maana hapo ntabaki nilipo.

Funguo Nyeusi:
Kama mwalimu huna chukua kibodi, usijiulize mara mbili. Sisemi ni rahisi, mikono miwili kufanya kazi tofauti ni mtihani unaojitegemea. Ila kibodi haipotezi tyuni, yaani sauti zake hazilegei zikahama. Ukibonyeza noti ya C inatoka C, kwahiyo ukisikia kitu kibaya unajua kosa ni lako na unaliona kwa macho liko wapi, umebonyeza sipo. Anayeanza gitaa akisikia vibaya hajui kama ni kidole, ni uzi umelegea au ni gitaa lenyewe bovu, na wa kumuuliza hana. Mtu anayejifunza peke yake anahitaji chombo kinachomwambia amekosea wapi, hayo mengine ni mapenzi tu.

Halafu nadharia yote iko mezani. Anza kwenye kitufe chochote, hesabu vyeupe na vyeusi vyote bila kubagua, songa hatua nne halafu tatu, hapo umepata kodi ya meja, kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Geuza, tatu halafu nne, hiyo ni maina. C ni C E G, Am yaani A maina ni A C E. Kwa hesabu hiyo moja una kodi 24 mkononi na hujakariri mchoro hata mmoja. Na wewe wa solfa ndo kabisa, C meja ni vitufe vyeupe vitupu, do hadi do.

Nyuzi Sita:
Funguo Nyeusi hiyo hoja ya tyuni ni ya zamani sana aisee. Programu ya kutyuni iko kwenye simu bure, unapiga uzi mmoja mmoja E A D G B E mpaka inakukubalia, kazi imeisha. Na kujua kama kidole ndo tatizo nako hakuhitaji mwalimu, shika kodi halafu piga uzi mmoja mmoja polepole, ule unaokwaruza au kufa ndo wenye shida, sogeza kidole kikae karibu kabisa na freti ya mbele, vile vyuma vinavyokatiza shingo, watu wengi wanagandamiza katikati ndo maana wanatumia nguvu nyingi na sauti bado chafu.

Jamaa kasema anataka KUIMBA. Gitaa na sauti ya mtu vinakaa pamoja bila kugombana, na wimbo ukiwa chini sana kwa koo lako unafunga kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, maumbo ya kodi yanabaki yaleyale. Kwenye kibodi wimbo uleule ukiupandisha kitufe kimoja tu vidole vyote vinahama.

Funguo Nyeusi:
Kibodi nyingi zina kitufe cha kuhamisha sauti, unabonyeza mara moja tu, kapo ya nini?

Nyuzi Sita:
Ndo hapo mnapoharibikiwa sasa, mtu miaka nenda rudi anapiga C tu na kitufe kinamfanyia kazi, siku akikalishwa kwenye piano ya mbao anatafuta kitufe haoni 😂

Funguo Nyeusi:
Hapo sibishi 😂 ila kapo nayo ni kitufe kilekile, kimevaa chuma tu.

Vidole Vifupi:
Mbona ukulele mnairuka kama haikutajwa? Mgeni, nyuzi ni nne tu, G C E A, za nailoni, haziumizi ncha za vidole kama zile za chuma. Kodi ya C ni kidole kimoja, Am kidole kimoja, F viwili, G vitatu. Hizo nne zinabeba nyimbo nyingi mno. Kwenye gitaa hiyohiyo F ndo inayofukuza watu, kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote sita na zote ziite, kwa mkono wa anayeanza ni mateso.

Na hujifungii njia. Nyuzi nne nyembamba zaidi za gitaa, D G B E, zina mpangilio uleule wa ukulele ila zimeshuka, ukifunga kapo freti ya tano unapata G C E A kabisa, tofauti ni kwamba G ya ukulele kwa kawaida ni nyembamba, iko juu. Umbo lako la C ukilihamishia gitaa bila kapo linakuwa G. Siku ukitaka kuhama unaenda na vitu vyako.

Sauti ya Tatu:
Dada Vidole Vifupi nakuunga mkono ila sema na ubaya wake, hiyo G ikiwa juu maana yake ukulele haina besi, noti yake ya chini kabisa ni C ya katikati ya piano. Mwanaume wa sauti nzito akiimba nayo muziki wote unakuwa juu yake, chini kuko wazi. Wengine wanaipenda hivyohivyo, mimi nasikia kama kuna mtu hajafika. Na nyuzi mpya za nailoni zinavutika, siku za mwanzo utatyuni kila ukiishika, usidhani umeuziwa kibovu.

Pumzi Ndefu:
Kwanini asianze na filimbi au kinanda cha mdomo? Kinaingia mfukoni

Nyuzi Sita:
Mkuu ataimbia pua?

Mgeni wa Noti:
Hahaha Pumzi Ndefu tulia kwanza. Nimewasoma wote, ukulele naanza kuitoa kwasababu sauti yangu kweli nzito. Maswali mawili. Usiku majirani wako ukutani, hapa kibodi si inashinda? Na kuna jamaa ananiuzia gitaa lililotumika, ntajuaje kama zima wakati hata kupiga sijui?

Funguo Nyeusi:
Inashinda, unachomeka hedifoni unapiga mpaka alfajiri. Ila angalia vitu viwili, vitufe viwe vya saizi kamili sio vile vidogo vya watoto, na viwe vinasikia nguvu ya kidole, ukigusa pole sauti pole ukipiga kwa nguvu sauti kubwa. Isiyo na hiyo itakuzoesha kupiga kama mashine. Vitufe 61 vinatosha kusindikiza wimbo, 88 ni kwa anayetaka piano yenyewe. Na ile midundo ya kujipiga yenyewe izime miezi ya mwanzo, inakuficha, unaona umepiga kumbe imepiga yenyewe.

Sauti ya Tatu:
La gitaa lililotumika, si lazima ujue kupiga. Shika kama unalenga shabaha, tazama shingo kutoka kichwani kwenda kwenye tumbo, ikiwa imepinda kama upinde au imejisokota achana nalo. Angalia nyuzi ziko juu kiasi gani pale freti ya 12, zikiwa mbali sana na mbao vidole vitalia na utadhani huna kipaji kumbe gitaa ndo halifai. Kisha lityuni kwa simu, gandamiza kila uzi kila freti taratibu kutoka juu mpaka chini usikilize panapokwaruza. Mwisho piga uzi wazi, halafu gandamiza freti ya 12 uzi uleule, simu inatakiwa ikuonyeshe noti ileile, oktavu moja juu, kama kutoka do hadi do inayofuata. Ikionyesha imepanda au imeshuka sana, jaribu kwanza na nyuzi mpya, bado ikikataa gitaa hilo halitakaa tyuni hata ufanyeje.

Na kama ni la nyuzi za nailoni usije kulifunga za chuma ati zinaita zaidi, mvuto wake ni mkubwa, litang'oka daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni. Shingo yake pia ni pana, kama vidole vyako vifupi pima kwanza.

Msikilizaji Mkongwe:
Mnabishana vyombo, mimi nawaona wanaojifunza wenyewe wanaishia palepale kwenye vyote vitatu. Anaangalia video hii leo, kesho ya mwingine, keshokutwa ya tatu, vipande vya kuanzia anavijua vyote na wimbo mzima hana. Chagua wimbo mmoja wa kodi tatu au nne uukamilishe. Kinachokata muziki ni kuhama, kodi moja moja kila mtu anaziweza, kwahiyo chukua mbili tu, tuseme G na Em, hama kwenda na kurudi polepole na metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, mpaka mkono usifikiri. Ukikosea usisimame, rizimu iendelee, noti moja mbaya haigunduliki kirahisi, mdundo ukikatika hata mtoto anageuka. Na jirekodi kwa simu, maana ukiwa unapiga masikio yanakudanganya.

Nyuzi Sita:
Hapa naweka saini.

Mgeni wa Noti:
Sawa, kesho naenda kulitazama hilo gitaa, freti ya 12 nimeielewa. Likifeli nachukua kibodi ya 61 na hedifoni, Funguo Nyeusi asinicheke.

Funguo Nyeusi:
Nakuombea lifeli 😂 Serious lakini, nenda na mtu anayepiga, akupigie wewe ukae mbele usikilize, gitaa linasikika tofauti ukiwa nyuma yake.