Tupeane uzoefu: watafiti wa afya kutoka ng'ambo wakimtembelea mgonjwa nyumbani

Mkalimani wa Nyando
Wanajamvi, hamjambo. Kazi yangu ni kuwaongoza na kuwatafsiria watafiti wa afya wanaokuja Kisumu kutoka Marekani na Ulaya. Wengi hukaa wiki chache, na lazima waende kwa wagonjwa majumbani, maana ukiwa hospitalini huoni mtu analala wapi, anachota maji wapi, wala ni nani anayemkumbusha dawa. Tusimuliane, hasa nyinyi mliowapokea.

Naanza. Tulikwenda kwa nyanya mmoja aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Kabla hatujafika langoni, mjukuu alikuwa ameshatumwa kwa jirani kuazima viti. Mgeni wetu, daktari kijana, alipomwona nyanya ameketi kwenye mkeka, naye akataka kukaa chini kwa heshima. Nikamnong'oneza: kaa kitini, kimeazimwa kwa ajili yako. Akakaa, na nyanya uso ukakunjuka. Chai ya maziwa ikaja, tukaulizana habari za mvua na mafuriko, ndipo karatasi zikatoka.

Swali moja lilitaka kujua kama anaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kuchoka. Nyanya akatazama huku na huku. Boma zima halina ngazi. Yule daktari akaweka kalamu chini, akaniomba nimuulize ni kazi gani anayoikosa zaidi tangu augue. Nyanya akasema: kujitwika ndoo kutoka kisimani, na kusonga ugali. Hilo la kusonga ugali alilieleza kwa kirefu, jinsi mwiko unavyomteleza na jinsi anavyoona haya kupikiwa na mtoto wa darasa la nne. Daktari aliandika yote pembeni ya fomu, na jioni hiyohiyo akawaandikia wakubwa wake kwamba swali lile libadilishwe. Mtafiti wa namna hiyo mimi natembea naye popote.

Mama Kombewa
Mtoto wangu alikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, ile RTS,S. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika kati ya 2009 na 2014, na huku kwetu ilikuwa Siaya na hapa Kombewa. Baada ya sindano, kijana wa mradi alikuwa akija nyumbani kumpima joto na kutazama mahali alipodungwa.

Majirani walisema damu ya watoto inauzwa. Mama mkwe akanikataza kabisa. Kilichomgeuza ni yule kijana kukaa naye chini ya mwembe, akamwonyesha kichupa chenyewe, akamweleza damu inatolewa kiasi gani, inapelekwa wapi na inatafutwa nini ndani yake. Mama aliuliza mpaka akachoka mwenyewe. Chanjo ilipoanza kutolewa kliniki za huku magharibi mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza 2021, nilimwambia: mama, mjukuu wako yumo katika kazi hii. Najivunia hadi leo.

Dereva wa Busia
Mimi naendesha gari la mradi. Ombi langu ni moja: nembo ile mlangoni iogopeni. Kijiji kinajua gari lipi ni la virusi vya UKIMWI na lipi ni la kifua kikuu. Likisimama mbele ya boma, watu wa boma hilo wameshatangazwa. Sisi tunaliacha sokoni, tunaingia kwa miguu, watu wawili tu, na mgonjwa ndiye anayechagua pa kukutania. Kuna mama aliyetaka tujifanye watu wa chama chake cha kuweka akiba. Hatukukubali kudanganya, lakini tulikubaliana kukutana naye shambani kwake, akiwa anapalilia. Aliongea vizuri kuliko wote wa siku hiyo.

Binti wa Kakamega
Baba yangu alikuwa na sukari. Walikuja kwetu mara kadhaa, wageni na wenyeji, wakampima, wakauliza tunakula nini na choo kiko umbali gani. Kila wakija baba alivaa koti lake la kanisani. Kisha kimya. Baba alifariki akiwa bado anauliza kama majibu yalirudi. Mradi siutaji. Pesa hatukutaka. Lakini ukitoa damu ya mzazi wa mtu sebuleni kwake, rudi umwambie ulichokiona. Hili linaniuma sana.

Mwanafunzi, Nakuru
Sisi wanafunzi tuliambatana na wageni Nakuru. Langu ni picha: wengine wanampiga mgonjwa picha akiwa kitandani, kisha ndipo wanaomba ruhusa. Simu ibaki mfukoni mpaka mwenye nyumba aseme.

Nesi wa Siaya
Binti wa Kakamega, pole sana kwa mzee. Utafiti wowote wa kuwahusisha watu hapa Kenya hupitishwa kwanza na kamati ya maadili, na hupewa leseni na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mgonjwa husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma huweka kidole gumba mbele ya shahidi asiye wa mradi. Akitaka kujitoa anajitoa siku yoyote, na matibabu yake hospitalini hayaguswi. Hili wagonjwa wengi huniuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo mhudumu wa afya ya jamii alirudie hata mkiwa mmeshasaini.

Sasa, nakala moja ya fomu ile hubaki nyumbani. Itafute kwenye makaratasi ya baba. Ina jina la utafiti na namba za simu: ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Mtafiti asipopokea, pigia kamati, taja jina la utafiti, sema wewe ni binti wa mshiriki aliyefariki, uulize matokeo yake ni yapi. Ukikwama nipigie kelele hapahapa, nitakuelekeza.