Bakteria wa maji moyo na ndigana baridi: tuwakuze kwanza, tuwanase kwa chambo, au tusome jenomu moja kwa moja?

KupeMdadisi
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamili, Morogoro. Nina damu ya ng'ombe wenye ndigana baridi (Anaplasma marginale) na vipande vya ubongo wa mbuzi waliokufa kwa maji moyo (Ehrlichia ruminantium), vyote viko kwenye friza. Nataka jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, si jeni moja moja. Mwaka jana nilituma DNA ya mbuzi kama ilivyo kwenye maabara ya kulipia, nikarudishiwa mafaili makubwa ambayo karibu yote yalikuwa mbuzi. Iliniuma sana. Pesa iliyobaki inatosha njia moja tu: kukuza bakteria kwanza, kuwanasa kwa chambo, au kusoma DNA moja kwa moja kwa Nanopore, mashine inayosoma vipande virefu. Ningekuwa wewe ungechagua ipi?

DaktariNg'ombe
Pole sana ndugu yangu. Kabla ya mashine, piga hesabu. Jenomu ya mbuzi ina herufi za DNA bilioni 2.9 hivi, na kila seli ina nakala mbili. Ehrlichia ana milioni 1.5 tu. Hata seli moja ikibeba bakteria kumi, kwa kila herufi ya bakteria utasoma karibu 400 za mbuzi. Na seli nyingi za ubongo hazina bakteria hata mmoja, kwa sababu anakaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu.

Anaplasma ni habari nyingine kabisa. Yeye yumo ndani ya seli nyekundu, na seli nyekundu za ng'ombe hazina kiini. DNA ya ng'ombe inayokusumbua humo inatoka kwa seli nyeupe. Zichuje hizo na uwiano unageuka upande wako. Ila damu ichujwe ikiwa mbichi, maana ikishagandishwa seli zinapasuka na hakuna cha kuchuja.

MamaChupa
Mimi ni wa kukuza, na nitaitetea njia hii. Ehrlichia ameoteshwa kwenye seli za mishipa ya ng'ombe tangu 1985, kule Onderstepoort, Afrika Kusini, na jenomu yake ya kwanza ikatoka 2005. Ukimkuza unapata DNA nyingi, na bakteria hai anabaki mkononi kwa kazi za chanjo. Hilo njia nyingine haikupi.

Gharama yake ni wiki nyingi za kubembeleza chupa. Pia kadiri unavyomhamisha chupa hadi chupa anabadilika. Kuna aina zilizopoteza ukali wake kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo usiseme "hivi ndivyo alivyokuwa ndani ya mbuzi" kama amekaa kwenye chupa miezi. Na ubongo wako, kama uliwekwa kwenye friza ya kawaida bila dawa ya kulinda seli, usitegemee kupata bakteria hai humo.

Jenomu nayo huweza kurudi kusaidia ukuzaji. Bakteria wa homa ya Q, Coxiella burnetii, naye huishi ndani ya seli, na jenomu yake ilisomwa 2003. Kwa kufuatilia chakula na hewa anayohitaji, mwaka 2009 watafiti wakamwotesha bila seli yoyote, kwenye oksijeni ya asilimia 2.5. Nikikumbuka hilo napata nguvu ya kuendelea na chupa zangu.

Mwambao
Sisi wa trakoma tunategemea chambo. Ni vipande vya RNA vya herufi 120 hivi, vilivyotengenezwa kufuata jenomu inayojulikana. Vinamshika Chlamydia, bakteria wa trakoma, kutoka kwenye pamba iliyopangusa jicho, DNA ya mtu inaoshwa. Ubongo wako uliogandishwa unafaa hapa. Lakini chambo hunasa unachokijua tu. Jeni mpya ambayo haipo kwenye jenomu ya mfano itapita pembeni na hutajua kuwa ilikuwepo.

KupeMdadisi
Asanteni sana. Na ile mbinu ya Nanopore ya kukataa DNA ya mnyama wakati inasomwa? Pia nina damu ya ndigana kali, niichanganye humo?

SomaHerufi
Ndigana kali iache. Theileria parva si bakteria, ni protozoa mwenye jenomu ya herufi milioni 8.3. Huo ni mradi mwingine.

Mashine husoma mamia ya herufi za mwanzo, ikiona ni mbuzi inakitema kipande. Inasaidia, lakini huongeza sehemu ya bakteria mara kadhaa tu, haiwezi kufuta pengo la 400 kwa moja. Faida halisi ya Nanopore ni urefu wa vipande. Kwenye Ehrlichia asilimia 62 tu ya jenomu ndiyo inayoandika protini, na kuna marudio mengi yanayofuatana. Anaplasma naye hubadili koti lake, protini ya msp2, kwa kunakili vipande kutoka nakala zilizolala sehemu nyingine za jenomu. Ukisoma kwa Illumina, mashine ya vipande vifupi, herufi 150 kwa kipande, nakala hizo zinaonekana sawa na programu inaziunganisha vibaya. Kama swali lako ni ukoo wa bakteria, Illumina inatosha. Kama ni jinsi anavyokwepa kinga, utahitaji vipande virefu.

KupeMdadisi
Swali langu ni kinga. Basi naanza na Anaplasma: narudi kwa wafugaji kuchukua damu mbichi, naichuja siku hiyo hiyo, naisoma kwa Nanopore. Ubongo unasubiri chambo. Kichujio nitapata wapi?

DaktariNg'ombe
Vile vya benki ya damu vinafaa. Ukikosa, jaza unga wa selulosi kwenye bomba la sindano, upitishe damu polepole. Halafu pima kwa PCR, kipimo kinachozidisha na kuhesabu DNA, kabla na baada ya kuchuja, uwiano wa ng'ombe kwa bakteria katika kila sampuli. Weka majibu hapa kabla hujalipa popote, tuyaangalie pamoja.