Tupeane uzoefu: kompyuta za zamani tulizoziwahi kabla hazijafika kwenye mzani wa vyuma chakavu

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, ningependa tukusanye hapa visa vyetu vya kuokoa kompyuta za zamani na vipuri vyake kutoka majalalani, stoo za ofisi na yadi za vyuma chakavu. Nikisema za zamani nakusudia zile za kabla ya mwaka 2000: 286, 386, 486, Pentium za mwanzo (hayo ni majina ya prosesa, yaani chipu kuu za mashine hizo), Macintosh zenye kioo ndani ya kasha lake, na zile ndogo za nyumbani kama Commodore 64 na ZX Spectrum.

Hizo za nyumbani kwetu Bara ni adimu mno, na sababu yake ni ya kihistoria. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, aina ya ICT 1500, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na aliyehitaji mashine ya aina hiyo alilazimika kuomba kibali maalumu. Kwa hiyo miaka ambayo watoto wa Uingereza walikuwa wakichomeka Spectrum kwenye televisheni za sebuleni, huku Bara hapakuwa na Spectrum wala televisheni ya kuichomeka. Nyingi tunazoziokota leo ziliingia baadaye, katika miaka ya 1990, kupitia miradi ya wafadhili, mashirika ya dini na ofisi za umma, na sasa stoo zinasafishwa.

Kwa ninavyoona, kompyuta nyingi hufika yadini zikiwa nzima, na kinachoziua ni mzani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hununua kwa kilo, naye hujua bei ya shaba, ya aluminiamu, ya chuma cha kawaida na ya mbao za saketi, kila kimoja mbali. Kasha hupigwa nyundo, transfoma hukatwa ili itolewe shaba yake, mbao hurundikwa kwenye gunia, na plastiki huishia dampo au motoni. Kibodi kwa kawaida ndiyo ya kwanza kutupwa, kwa kuwa haina uzito wa maana. Niliyoipata mimi Buguruni ilisalimika kwa sababu ni IBM Model M, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985, yenye springi chini ya kila kitufe na bamba la chuma ndani yake, na ambayo peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Mwenye yadi aliiweka kando akidhani ni kipande cha mashine ya kushonea. Niliilipia kwa bei ya chuma, nikang'oa vitufe vyote, nikaviosha kwa maji ya sabuni, nikatoa mizoga ya mende, na hadi leo ndiyo ninayoandikia ujumbe huu.

Karibuni. Tafadhali mtu aeleze alikipataje kifaa, alikikuta katika hali gani na alikifanyia nini.

Kijana wa Kariobangi, Nairobi

Asante kwa mada hii. Huku Kariobangi Light Industries ushindani wetu si na wenye mizani peke yao, bali pia na wanunuzi wa dhahabu. Prosesa za zamani zenye kasha la kauri, hasa Pentium Pro ya mwaka 1995, zina dhahabu nyingi kuliko zilizofuata, na wako watu wanaopita yadi kwa yadi wakizikusanya ili waziyeyushe kwa asidi. Ukichelewa utakuta ubao mama mzuri kabisa umeng'olewa prosesa na chipu za kumbukumbu kwa bisibisi, na soketi imepasuka.

Nilichojifunza ni kuwalipa vijana wa mkokoteni mapema na kuwalipa vizuri. Nimewaonyesha picha za vitu ninavyovitaka, nikawaambia kwamba kifaa kikija kizima, hakijafunguliwa, nitalipa mara mbili ya bei ya mzani. Ndivyo nilivyopata 486 yenye kitufe cha Turbo, kile cha kubadilisha kasi, na diski yake, na monita mbili ambazo vinginevyo zingevunjwa kwa ajili ya shaba ya koili zilizo shingoni mwa kioo. Ukishindana nao kwa maneno ya urithi na historia hawatakusikiliza, wala siwalaumu, kwa maana wana watoto wa kulisha.

Niongeze kwamba hapa Nairobi kuna WEEE Centre, iliyotokana na shirika la Computers for Schools Kenya, ambayo hupokea taka za kielektroniki na kuzitenganisha kwa utaratibu. Mimi huwapelekea mabaki yasiyofaa, hasa vioo vyenye madini ya risasi ndani yake, kwa kuwa si haki kuokoa kipande kimoja ukakiacha kingine kimwage sumu mtaani.

Mzee wa Disketi, Moshi

Wanangu, mimi sikuokoa kompyuta, niliokoa maandishi. Ofisi moja ya kanisa ilikuwa ikihama jengo, na kwenye lundo la vitu vya kuchomwa nikaona maboksi ya disketi, zile laini za inchi 5.25 na zile ngumu za inchi 3.5, zikiwa na lebo zilizoandikwa kwa mkono: barua, taarifa za vijiji, masimulizi ya wazee. Nikaomba, nikapewa.

Disketi iliyokaa miaka thelathini hutakiwi kuichomeka hivi hivi. Huota ukungu juu ya sumaku yake, na ukungu huo ukikutana na kichwa cha kusomea hukikwaruza, kisha kichwa kilichochafuka huharibu disketi zote zitakazofuata. Nilizikagua moja moja kwenye mwanga, nikazungusha kila sahani polepole kwa kidole, na zenye madoa nikazifuta kwa pamba iliyolowa alkoholi ya isopropili. Kijana wangu akaniagizia kibao kidogo kiitwacho Greaseweazle, ambacho huunganisha kiendeshi cha zamani na kompyuta ya leo kwa USB na kunakili mabadiliko ya sumaku yenyewe badala ya mafaili peke yake. Kwa njia hiyo hata disketi yenye sehemu mbovu unaweza kuisoma mara nyingi na kuunganisha vipande vinavyosomeka.

Mafaili mengi yalikuwa ya WordPerfect 5.1, ile programu ya DOS ya mwaka 1989 yenye kioo cha bluu. LibreOffice, programu ya bure ya siku hizi ya kuandikia, inayafungua bila shida kubwa. Humo nimekuta masimulizi ya wazee kuhusu mifereji ya maji ya mlimani, nani aliichimba na zamu ziligawanywaje, kwa Kiswahili safi chenye Kichaga kidogo. Wasimuliaji wengi wamekwisha kufariki, na nakala ya karatasi haikupatikana popote. Ninawasihi: mkiona kompyuta inatupwa, ulizeni pia disketi zake ziko wapi, kwa kuwa mashine ya aina ile ile inaweza kupatikana kwingine duniani, lakini maandishi ya kijiji chako hayapatikani tena.

Mpemba wa Maskati

Shikamoo, mzee wangu. Hilo la masimulizi limenigusa sana.

Huku Ghuba hadithi ni tofauti, kwa sababu kompyuta za nyumbani ziliingia mapema. Kampuni ya Sakhr, iliyoanzia Kuwait mwaka 1982, iliuza kompyuta za nyumbani za MSX, mfumo mmoja uliotumiwa na kampuni nyingi, zenye kibodi ya herufi za Kiarabu, na katika miaka ya 1980 watoto wengi wa Ghuba, na miongoni mwao wa familia zetu zilizotoka Unguja na Pemba, waligusa kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia mashine hizo. Ami yangu alipokuwa akikarabati nyumba aliweka Sakhr yake, aina ya AX-170, barazani pamoja na mazulia mabovu ili lori la taka liichukue. Niliikuta imejaa mchanga mwembamba kiasi kwamba vitufe havikubonyea.

Mchanga wa huku ni mkavu, kwa hiyo haukuwa na kutu ya kutisha kama ile ya Pemba, ambako hewa ya chumvi hula hata miguu ya chipu. Brashi laini na kipulizio vilitosha. Ndani yake mna prosesa ya Z80, na chipu zote muhimu zilikuwa nzima. Sasa ami ndiye anayeililia, naye anadai kwamba hakuitupa bali aliianika.

Mwanafunzi, Dodoma

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Mtu akishaiokota, je, aiwashe kwanza ili ajue kama ni nzima?

Fundi Lehemu, Tanga

Hapana, mdogo wangu, usiiwashe. Nitaeleza kwa urefu, kwa kuwa nyingi nilizoletewa ziliuawa na waokoaji wenyewe katika dakika ya kwanza.

Kwanza itazame mgongoni. Pawasaplai (kile kisanduku kinachoingiza umeme) nyingi za miaka hiyo zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Kompyuta zilizokuja na makontena ya misaada kutoka Marekani huwa zimewekwa kwenye 115, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlipuko, kisha moshi. Nimeliona jambo hilo katika shule moja, ambako darasa zima la kompyuta za msaada liliungua kwa kuwashwa pamoja wakati wa uzinduzi, mgeni rasmi akiwa amesimama hapo hapo.

Pili, fungua kasha utafute betri. Katika mbao za 386 na 486 mara nyingi utakuta kipipa kidogo cha bluu au kijani, ambacho ni betri ya nikeli na kadimiamu iliyolehemiwa kwenye ubao. Ikizeeka hutoa majimaji ya alkali yanayokula njia za shaba, na utaona ukoko wa kijani kama wa sufuria ya shaba iliyoachwa na ndimu. Ikate siku hiyo hiyo, hata kama kompyuta inafanya kazi. Palipoathirika paka siki kidogo ili kuiua alkali, suuza kwa maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa tena), malizia kwa alkoholi, kisha acha ikauke vizuri kabla ya kupima kila njia kwa multimita. Macintosh za mwishoni mwa miaka ya 1980, kama SE/30, zina betri ya lithiamu nusu ya ukubwa wa betri ya kawaida, nayo ikipasuka huharibu ubao mzima. Nimefungua moja ambayo hata fremu yake ya chuma ilikuwa imeliwa.

Tatu ni kapasita, vile vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Zile za umeme mkuu zilizotengenezwa kwa karatasi hupasuka ganda, zikavuta unyevu wa pwani yetu, na siku ya kuwashwa hutoa moshi wenye harufu inayokaa chumbani kwa siku kadhaa. Bei yake ni ndogo, zibadilishe kabla.

Nne, na hapa naomba unielewe vizuri: usifungue monita ya kioo kinene wala Macintosh yenye kioo ndani bila kufundishwa na mtu anayejua. Kioo hicho hufanya kazi kwa maelfu ya volti, na kinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ukiwa peke yako, kiache kama kilivyo.

Baada ya hayo chomoa kadi zote na diski, pima volti za pawasaplai kwa multimita, ndipo uanze kurudisha kimoja kimoja. Diski ngumu ikiwa imekufa, adapta ya kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash hufanya kazi kwenye waya wa IDE, ule wa diski ngumu za zamani, bila ubishi, kwa kuwa kadi hizo hutumia lugha ile ile ya diski.

Mswahili wa Hannover, Ujerumani

Ndugu Fundi amemaliza kila kitu, mimi nitaongeza la huku tu. Watu wa nyumbani hudhani kwamba Ulaya mtu hujiokotea tu. Kifaa kikishakabidhiwa kituo cha taka za kielektroniki, sheria haikuruhusu kukichukua, hata kama kinakwenda kuvunjwa mbele ya macho yako, na wahudumu ni wakali. Njia ninayoitumia ni kuzungumza na mwenye kifaa nje ya geti, kabla hajakishusha kwenye gari. Wengi ni wazee, na wengi hufurahi.

Commodore 64 ni rahisi kupatikana hapa kuliko popote ninapopajua, kwa sababu Wajerumani waliipenda sana, na kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Braunschweig, si mbali nami. Anayetaka kuipeleka nyumbani azingatie mambo mawili: ya Ujerumani hutoa picha ya mfumo wa PAL, kama televisheni zetu za zamani, ilhali ya Marekani hutoa ya mfumo wa NTSC na picha inaweza kukosa rangi au kuzunguka; na ile pawasaplai yake ya asili iliyomiminiwa gundi ngumu ikizeeka hutoa umeme uliozidi zile volti 5 inazotakiwa kutoa na kuunguza chipu za kumbukumbu. Nunua mpya, ile ya zamani iweke kama ukumbusho.

Mkutubi, Mombasa

Nina angalizo moja. Kompyuta iliyotoka ofisini, zahanati au shuleni hubeba habari za watu. Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, majibu ya vipimo vya jirani yako hayakuhusu. Mimi humwandikia aliyekuwa mmiliki, namweleza kilichomo, na asipojibu nafuta diski yote. Kwa disketi za Mzee wa Moshi ni jambo jingine, kwa kuwa wenyewe walimpa wakijua. Hata hivyo ningeshauri awatafute wajukuu wa wasimuliaji kabla ya kuyachapisha.

Kijana wa Kariobangi, Nairobi

Dada Mkutubi, nakubaliana nawe. Tena kwa wanaodhani kwamba yadi hutoa takataka tu, wakumbuke kwamba mwaka 1976 mtu mmoja wa Texas alinunua takriban tani mbili za mabaki ya NASA, na ndani yake mlikuwa na kompyuta ya kuongozea chombo cha Apollo, ambayo mafundi wa Marekani waliifufua ikafanya kazi tena mwaka 2019. Na mwaka 2015 kituo kimoja cha taka za kielektroniki cha California kilikuta Apple I, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, kwenye maboksi yaliyoletwa na mama mmoja aliyekuwa akisafisha gereji, kikaiuza kwa dola 200,000, kisha kikamtafuta ili kimpe nusu yake.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Nawashukuru wote. Mwanafunzi wa Dodoma, kama utapata ubao wa 386 au 486 usio na kibodi, nina adapta kadhaa za plagi ya duara yenye pini tano kwenda ile ndogo ya PS/2, na nitakutumia moja kwa basi. Mzee wetu wa Moshi, ukihitaji kiendeshi cha akiba cha inchi 5.25, kipo kimoja yadini Buguruni ambacho mwenyewe amekubali kukiweka kando hadi Jumamosi.