Florida State 2023: wameshinda mechi 13 kati ya 13, kisha wakafungiwa mlango

Ndugu wanajamvi,

Jambo hili limenikaa moyoni tangu tarehe 3 Desemba 2023, na kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai, si soka) unapoelekea ukingoni hasira yangu huanza upya. Siku hiyo kamati ya uteuzi yenye watu 13 ilitangaza timu 4 za kuwania ubingwa wa taifa, nazo zilikuwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State, ambao walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote, tena wakiwa na taji la ligi yao ya ACC, walipewa nafasi ya 5. Tangu mfumo wa timu 4 uanze kutumika msimu wa 2014, haikuwahi kutokea bingwa wa mojawapo ya zile ligi 5 kubwa akamaliza bila kupoteza hata mechi moja kisha akaambiwa abaki nyumbani.

Wala wasituambie kwamba timu hii ilikula vibonde. Ilifungua msimu kwa kuwachapa LSU pointi 45 kwa 24, na kabla ya Septemba kuisha ikaenda kwa Clemson, uwanja ambao wageni wengi hutoka vichwa chini, ikashinda 31 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayepanga mashambulizi na kurusha pasi, Jordan Travis, ndiye aliyekuwa akiendesha mashambulizi yote hayo.

Kisha ikaja tarehe 18 Novemba, katika mechi ya nyumbani dhidi ya North Alabama. Robo ya kwanza haijaisha, Travis anakimbia na mpira mwenyewe, anaangushwa, na mguu wake wa kushoto unapinda kwa namna ambayo mtu yeyote aliyeona hakuhitaji daktari wa kumweleza. Wenzake wanapiga magoti uwanjani, naye anatolewa juu ya kigari, huku mguu umefungwa. Timu ile ile iliyokuwa imetanguliwa pointi 13 kwa 0 na wageni wasiotarajiwa ikasimama, ikamaliza mechi kwa 58 kwa 13. Hapo ndipo kamati ilipotakiwa kuanza kuitazama timu, lakini badala yake ikaendelea kuutazama mguu wa mtu mmoja.

Wiki iliyofuata kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker, aliiongoza timu kushinda ugenini dhidi ya mahasimu wao, Florida, kwa 24 kwa 15. Akaumia kichwa, na fainali ya ACC dhidi ya Louisville ikabidi ianzwe na Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja chuoni. Nakiri kwamba mashambulizi usiku ule hayakupendeza, kwa kuwa Glenn alikamilisha pasi 8 tu kati ya 21. Lakini futiboli ina pande mbili. Safu ya ulinzi ya Florida State haikuwaruhusu Louisville tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) hata moja; pointi zao zote 6 zilitokana na mikwaju ya kupiga mpira kati ya milingoti, na mechi ikaisha 16 kwa 6. Timu inayonyakua ubingwa wa ligi ikiwa na kwotabeki wake wa tatu kwa kumkaba mpinzani kiasi hicho inastahili heshima, si kuhurumiwa.

Naelewa kwamba kanuni zinairuhusu kamati kuzingatia kukosekana kwa mchezaji muhimu. Ninachopinga ni kuitumia kanuni hiyo kufuta matokeo yaliyokwisha kupatikana bila huyo mchezaji. Mwaka 2014 Ohio State walifika fainali ya ligi yao wakiwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, baada ya wawili waliomtangulia kuumia, na walikuwa tayari wamefungwa na Virginia Tech katika uwanja wao wenyewe. Kamati iliwapa nafasi ya 4, nao wakaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Najua watetezi watasema kwamba wale waliwafunga Wisconsin 59 kwa 0. Sawa, lakini tangu lini ushindi wa kishindo ukawa na thamani kuliko kutopoteza kabisa?

Alabama ni timu nzuri, na kuwafunga Georgia 27 kwa 24 katika fainali ya ligi yao ya SEC si jambo dogo. Hata hivyo walifungwa na Texas nyumbani kwao, 34 kwa 24, na wiki moja kabla ya fainali hiyo waliponea chupuchupu mbele ya Auburn kwa pasi ya jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wakiwa na yadi 31 za kuvuka na sekunde chache zimebaki. Timu iliyookolewa na pasi ya namna ile iliitwa bora, na timu ambayo haikuhitaji kuokolewa ikaambiwa si imara.

Kuna wanaotuletea Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu nje ya mbio za ubingwa, ya tarehe 30 Desemba, ambapo Georgia waliwafunga Florida State 63 kwa 3, kana kwamba mechi hiyo iliisafisha kamati. Waangalie ni nani walikuwa uwanjani. Nyota wa Florida State, Keon Coleman, Johnny Wilson, Trey Benson na Jared Verse, hawakucheza, wala Rodemaker hakuwepo, na orodha ya waliojitoa ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Wachezaji wanaojiandaa kwa ligi ya kulipwa hawawezi kuhatarisha miili yao kwa mechi ya kufutia machozi. Kipigo kile kilizaliwa na uamuzi wa kamati, hivyo hakiwezi kurudi kuwa ushahidi wa kuuhalalisha.

Msimu uliofuata mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, na bingwa kama yule asingeachwa tena. Hilo haliwarudishii chochote vijana wa 2023. Baada ya uamuzi kutangazwa, Travis aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki. Kijana aliyelazwa na jeraha alifikishwa mahali pa kutamani angeumia mapema.

Anayeutetea uamuzi ule aje hapa anijibu swali moja: katika zile mechi 13, ni ipi ambayo Florida State walipaswa kushinda na hawakushinda?